Waachie Raundi, Chukua Pointi: Mwongozo wa Wahedusitini kwa Wachezaji Wawili Wawili

Kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa katika Ziwa Mweru, upande wa Zambia, ili samaki wazaliane. Nyavu hutundikwa, na kuanzia Kashikishi hadi Mwansabombwe jioni huwa ndefu. Huo ni msimu mzuri wa kujifunza mchezo wa karata unaotaka akili ya watu wawili. Wengi hapa wanaijua njuka, na wageni kutoka kaskazini huja na lasti kadi. Katika michezo hiyo kila mtu hujipigania mwenyewe. Wahedusitini, mchezo wa barazani Zanzibar na pwani, ni vita vya pande mbili: wewe na mwenzio mnakaa mkitazamana, pointi zenu ni moja, na kosa lako ni lake.

Mwongozo huu haukusudii kukufundisha kucheza tu. Unataka kukuonyesha kwa nini mbinu nyingi za ushindi katika mchezo huu huonekana za kijinga mtu anapoziona mara ya kwanza: kutupa karata kubwa, kukataa kula, kutumia turufu wakati hakuna cha kukata. Ukielewa sababu, utajua wakati wa kuzitumia na wakati wa kuziacha.

SANDUKU LA SHERIA

Kila baraza ina kanuni zake. Hizi ndizo tutakazozitumia hapa. Kubalianeni nazo kabla ya kugawa.

1. Chukua pakiti ya kawaida ya karata 52. Toa majoka, na toa 8, 9 na 10 zote. Zitabaki 40.
2. Aina ni nne: shupaza (♠), kopa (♥), uru (♦) na pau (♣). Kila aina ina karata 10.
3. Nguvu ya karata, kutoka juu kwenda chini: ree (yaani A), seti (yaani saba), mzungu wa nne (mfalme), mzungu wa tatu (ghulamu), mzungu wa pili (malkia), kisha 6, 5, 4, 3, 2.
4. Pointi: ree 11, seti 10, mzungu wa nne 4, wa tatu 3, wa pili 2. Zilizobaki ni garasa, hazina pointi.
5. Kila mchezaji anapata karata 10. Karata ya mwisho ya mgawaji huonyeshwa wote; aina yake ndiyo turufu.
6. Anayeanza anatupa karata yoyote. Wengine lazima wafuate aina hiyo. Aliyeishiwa anaweza kukata kwa turufu au kutupa karata yoyote.
7. Mwenye karata ya juu anakula raundi, na ndiye anayeanza inayofuata. Turufu inakula kila kitu isipokuwa turufu kubwa zaidi.
8. Upande unaofikisha pointi 61 umeshinda. Mkigawana 60 kwa 60, mchezo hauhesabiwi, gaweni upya.

Mkiwa sita, watatu kwa watatu, toeni na mbili zote nne. Zitabaki karata 36, sita kwa kila mtu, na pointi hazibadiliki.

Kwa nini silika itakudanganya

Hesabu kidogo inatosha kukufungua macho. Aina moja ina pointi 30, na pakiti nzima ina 120. Ree nne na seti nne peke yake ni pointi 84. Maana yake karata nane zimebeba sehemu saba katika kila kumi za pointi zote, na karata 20, nusu ya pakiti, hazina chochote.

Kwa hiyo idadi ya raundi unazokula si kipimo cha ushindi. Upande mmoja unaweza kula raundi tatu tu, kila moja ikiwa na ree, seti, mzungu wa nne na mzungu wa tatu, ukapata pointi 28 mara tatu, yaani 84. Upande wa pili utakuwa umekula raundi saba na kubaki na 36. Wamekula mara nyingi, wamefungwa.

Swali la kujiuliza kila raundi ni hili: pointi zitaangukia kwa nani? Ukishalizoea, mbinu zinazofuata hazitakushangaza tena.

Hatua ya kwanza: zisome karata zako kabla ya kutupa hata moja

1. Zipange kwa aina, turufu pembeni.
2. Hesabu turufu zako. Nne au zaidi ni jeshi. Mbili au moja ni akiba ya dharura.
3. Tafuta aina fupi, yenye karata moja au mbili. Hapo ndipo utakapoishiwa mapema na kupata nafasi ya kukata au kumlisha mwenzio.
4. Tafuta seti zako. Je, kila seti ina mlinzi, yaani karata ndogo ya aina ile ile? Seti isiyo na mlinzi iko hatarini: ree ikitupwa, huna budi kuitoa.
5. Amua kazi yako katika mchezo huu: unashambulia, au unamhudumia mwenzio? Mwenye turufu nyingi na ree anashambulia. Mwenye seti na wazungu bila turufu ni mlishaji. Si aibu kuwa mlishaji. Pointi nyingi hupita mkononi mwake.

Mbinu sita zinazokwenda kinyume na silika

*1. Tupa seti yako kwenye ree ya mwenzio.*
Mchezaji mpya akimwona mwenzake ametupa ree, hutoa garasa na kuificha seti "kwa ajili ya baadaye". Baadaye hiyo mara nyingi ni ya adui. Ree na seti katika raundi moja ni pointi 21, zaidi ya theluthi ya zile 61 mnazozitafuta. Huku ndiko kulisha, na ndiyo roho ya mchezo wa timu.
Tahadhari: ikiwa adui mmoja bado hajatupa, tazama una karata ngapi za aina hiyo. Ukiwa nazo nyingi, huenda yeye hana hata moja na atakata kwa turufu. Hapo seti ingoje.

*2. Kula garasa kwa seti.*
Wewe ni wa mwisho kutupa, mezani kuna garasa tupu, ree ya aina hiyo haijatoka. Silika inasema seti isipotezwe kwa takataka. Lakini pointi huhesabiwa pia katika karata unayoitupa wewe. Seti iliyokula imefika nyumbani na pointi zake 10, na hakuna ree itakayoikamata tena. Nafasi ya mwisho mezani ndiyo salama kuliko zote. Itumie kuokoa karata zilizo hatarini.

*3. Waachie raundi tupu.*
Umeishiwa aina inayochezwa, adui anaongoza, na mezani hakuna pointi. Turufu inakuwasha mkononi. Iache. Tupa badala yake garasa pekee uliyonayo ya aina nyingine. Wao wanakula sifuri, wewe unaishiwa aina ya pili na turufu yako imebaki kukata raundi yenye ree ndani.
Ila usimtupe mlinzi wa seti. Garasa ndogo iliyo pamoja na seti ina thamani ya pointi 10.

*4. Anza na ree ya aina fupi, si ya aina ndefu.*
Karata tano za shupaza zenye ree juu yake huonekana ngome. Fikiri upya. Ukishika tano, zimebaki tano kwa watu watatu. Kabla ya raundi ya kwanza, uwezekano kwamba angalau adui mmoja hana hata shupaza moja ni takriban 22 katika 100. Ukiwa na mbili tu za aina fulani, zimebaki nane, na uwezekano huo unashuka hadi takriban 4 katika 100. Ree ya aina fupi inalala salama zaidi, na ikishakula unabakiza karata moja tu ili uishiwe.

*5. Ukiwa na turufu nyingi, zitupe kwanza.*
Kuanza kwa turufu wakati hakuna cha kukata huonekana ni kufuja. Lakini turufu za adui ndizo zinazotishia ree zako. Ukiwa na turufu nne au tano pamoja na ile ya juu, anza nazo raundi mbili au tatu. Maadui watalazimika kufuata. Mwenzio akiishiwa turufu kabla yao, atatupa pointi za aina nyingine juu ya raundi unazokula. Wakishakauka, ngome yako ndefu inakuwa ngome kweli.
Usifanye hivyo ukiwa na turufu moja au mbili. Utakuwa unamkausha mwenzio.

*6. Ukiwa wa pili kutupa, jifiche.*
Adui ameanza na garasa, wewe unafuata na mzungu wa nne mkononi. Ukimtoa, bado wako wawili nyuma yako, mwenzio na adui mwingine, na mfalme anaweza kuliwa na ree au seti. Toa ndogo yako, umwachie mwenzio, ambaye ataona zaidi kuliko wewe. Ree ya aina fupi ndiyo isiyofuata kanuni hii: ikiwa huna sababu ya kungoja, itoe.

Mfano wa kufanyia kazi

Turufu ni kopa. Wewe ndiye unayeanza. Umeshika:

- Uru: ree, 4
- Shupaza: ree, mzungu wa nne, 6, 5, 3
- Pau: seti, 2
- Kopa: 3

Wengi wangeanza na ree ya shupaza, kwa sababu ndiko walikojaa. Fanya hivi badala yake:

1. Anza na ree ya uru. Karibu hakika italala salama, na mwenzio ana nafasi ya kukulisha.
2. Ukishakula, tupa ree ya shupaza. Huna turufu za kuwakausha maadui, kwa hiyo kungoja hakukupi faida: kila aina nyingine watakayoishiwa itawapa nafasi ya kutupa shupaza zao na kujiandaa kukukata.
3. Usiendelee na mzungu wa nne wa shupaza kwa ujasiri. Kama seti ya shupaza haijatoka, ataliwa. Anza na 4 ya uru, uishiwe uru.
4. Mlinde 2 wa pau. Adui akitupa ree ya pau, toa 2 hiyo. Sasa seti yako ndiyo kubwa ya pau.
5. Mwenzio akiongoza raundi ya uru na maadui wote wamekwisha kutupa, mlishe seti ya pau bila kusita.
6. Ile kopa 3 moja ikate raundi yenye pointi tu, si yoyote itakayotokea.

Badilisha kitu kimoja katika mfano: ziwe kopa nne zikiwa na ree yake, na shupaza mbili tu. Mpango wote unageuka. Sasa unaanza na ree ya kopa. Karata ndizo zinazochagua mbinu, si mazoea yako.

Kuhesabu bila kuumiza kichwa

Huwezi kukumbuka karata 40, na huhitaji. Fuatilia mambo matatu:

- Turufu zilizotoka. Ni 10. Ondoa zako, kisha punguza kila inayoanguka.
- Ree na seti. Ni nane. Kwa kila aina jiulize: ree imetoka? Seti imetoka?
- Pointi za upande wenu. Jumlisha kila mnapokula.

Jumla hiyo ndiyo inayokuambia ubadilishe mwendo. Mkiwa na 50, ree moja yoyote inawapeleka 61: acha ujanja, ilinde ree. Maadui wakiwa na 50, kila raundi yenye ree au seti ni ya kufa na kupona: kata kwa turufu hata kubwa. Kila upande ukiwa karibu na 55, mzungu wa pili mwenye pointi mbili, ambaye mwanzoni ulimdharau, anaweza kuamua mchezo.

Kumchagua mwenzio

Watu humkimbilia mchezaji mwenye kelele, anayepiga karata mezani hadi meza itikisike. Wawili wa namna hiyo wakikaa upande mmoja, wote wanataka kula na hakuna wa kulisha. Mtafute anayekamilisha upungufu wako. Kama una haraka, chukua mtulivu anayehesabu. Kama una woga wa kuachia karata kubwa, chukua mlishaji asiyeogopa.

Kabla ya kuanza, kubalianeni mambo haya:

1. Nani anaanza na turufu akiwa nazo nne au zaidi.
2. Karata ndogo ya kwanza inayotupwa na aliyeishiwa ina maana gani, kama ina maana yoyote. Maana hiyo iwe wazi kwa pande zote mbili.
3. Hakuna kukonyezana, kukohoa wala kugusa sikio, isipokuwa baraza yenu imeruhusu kwa wote.
4. Lawama ni baada ya mchezo, si katikati. Mwenzio aliyegombezwa raundi ya tatu hatalisha raundi ya saba.

Mkicheza na mgeni aliyevuka ziwa kutoka Kongo, au na kijana asiyewahi kukaa barazani, huenda anazijua karata kwa majina mengine. Muonyesheni karata yenyewe badala ya kubishana juu ya jina, na rudieni kanuni ya tatu ya sanduku la sheria mara mbili: saba anamla mfalme, na ghulamu anamla malkia. Hapo ndipo wageni wengi hujikwaa.

Makosa ya kawaida

- Kumkata kwa turufu mwenzio ambaye tayari anaongoza raundi.
- Kulisha kabla ya adui wa mwisho kutupa, bila kufikiri kama ameishiwa.
- Kutupa mlinzi wa seti ili kuishiwa aina haraka.
- Kutunza ree ya turufu hadi raundi ya mwisho kwa fahari, wakati pointi zimeshapita.
- Kukata kwa turufu kubwa wakati ndogo ingetosha na wewe ndiye wa mwisho.
- Kutofuata aina ukiwa nayo, kwa kusahau. Kubalianeni adhabu mapema; iliyo rahisi ni upande uliokosea kupoteza mchezo huo.
- Kuitumia mbinu ya kinyume kwa sababu tu ni ya kinyume. Kuachia raundi yenye pointi 14 si ujanja, ni hasara.

Zoezi: gawa mara moja, cheza mara mbili

Anayefungwa husingizia karata mbaya. Zoezi hili linaondoa kisingizio hicho, na linafaa pia kwa mashindano ya mtaa, kwa mfano siku za mwisho za Julai wageni wanapofurika Mwansabombwe kwa ajili ya sherehe ya Umutomboko.

1. Gaweni, kisha kila mtu aandike karata zake 10 kwenye karatasi.
2. Chezeni hadi mwisho. Andikeni pointi za kila upande.
3. Rudisheni karata kama zilivyoandikwa, lakini kila mtu ahamie kiti cha kushoto kwake. Sasa kila upande unashika karata za upande mwingine.
4. Chezeni tena. Jumlisheni pointi za michezo miwili.
5. Upande uliopata zaidi umeshinda kwa akili, maana bahati mmegawana sawa.

Mtakumbuka baadhi ya karata katika mara ya pili, na hiyo ni faida ya zoezi: mtaona wazi raundi ambayo mbinu tofauti ingebadilisha matokeo. Kwa mashindano rasmi, tumieni meza mbili na pakiti mbili, watu wasioonana, wakicheza mgawo ule ule.

Onyo moja la mwisho: chezeni kwa pointi, ubao na utani. Fedha ikiwekwa mezani, mlishaji anaanza kujiona anaibiwa na mwenzake mwenyewe, na timu inavunjika kabla ya karata kwisha.

ORODHA YA KUKAGUA KABLA YA KUTUPA KARATA

☐ Mezani kuna pointi ngapi sasa hivi?
☐ Nani anaongoza: sisi au wao?
☐ Nani hajatupa bado, na anaweza kuwa ameishiwa?
☐ Ree na seti ya aina hii zimetoka?
☐ Turufu ngapi zimebaki nje?
☐ Karata ninayotaka kutupa inamlinda nani?
☐ Tumebakiza pointi ngapi kufika 61?

Ukishindwa kujibu maswali yote, jibu mawili ya kwanza. Kama mezani kuna pointi na mwenzio anaongoza, lisha. Kama hakuna pointi na adui anaongoza, mwachie aende nayo. Ukizishika kanuni hizi mbili tu, utawafunga wachezaji wengi wenye karata nzuri kuliko zako.